Kanuni ya Nne ya Mervyn Tickner

Mervyn Tickner, fundi wa pampu za mabwawa ya kuogelea, hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Jeshi lilimkataa mara tatu kwa sababu ya nyayo zake bapa. Basi akajiajiri mwenyewe: alinunua sare ya kikosi cha farasi cha vita vya zamani walivyopigana mababu, akaanza kama askari wa kawaida, na kila baada ya miaka michache akajipandisha cheo. Sasa alikuwa kapteni, nyota tatu kila bega na manyoya ya emu, ndege mkubwa kama mbuni, kofiani.

Pale Yarrandoo, mji wao mdogo, hakuna aliyeijua adabu ya sare kama yeye. Alitunga kanuni kumi na tisa kwa ajili ya kikundi chao cha maonyesho, cha raia waliojivika uaskari wa farasi wa zamani, akazitundika hata chooni kwake. Saa ya kisasa mkononi, marufuku. Soseji mdomoni ukiwa na sare, marufuku. Medali za babu huvaliwa kifua cha kulia, maana cha kushoto ni cha aliyezitolea jasho mwenyewe. Na ile ya nne, aliyoipenda kuliko zote: mwenye sare ya maonyesho akipigiwa saluti na askari wa kweli, asiirudishe, aseme kwa upole kwamba yeye si mwanajeshi. Mkosaji hubeba ndoo na sepetu, akatembea nyuma ya farasi akizoa mavi yao. Raelene, mpishi wa shule, alishaibeba ndoo hiyo kwa kosa la hereni ndogo kama punje ya mtama.

Mwaka huu Mervyn alikuwa na jambo moja tu moyoni. Miaka kumi na moja alikuwa akisubiri zamu ya kumwongoza farasi asiye na mpandaji, yule anayetangulia gwaride la Aprili na buti tupu zinazoning'inia kwenye tandiko, zimegeuzwa kisigino mbele, kuwakumbuka wasiorudi vitani. Zamu ilikuwa imefika. Alizipaka buti zake rangi mara nne.

Asubuhi, wakipanga farasi nyuma ya ukumbi, akapita askari kijana, wa kweli huyu, masikio mekundu kwa baridi. Akaziona nyota tatu. Akasimama wima, akapiga saluti.

Mervyn alijua la kufanya. Lakini jamani, mtu ameisubiri saluti tangu ana miaka kumi na minane! Mkono ukapanda wenyewe hadi ukingoni mwa kofia.

"Endelea, kijana," akasema, kwa sauti aliyoitoa anakokujua mwenyewe.

Alipogeuka, mkewe Glenys, katibu wa kikundi, alikuwa ameshafungua daftari.

"Mke wangu, ile ilikuwa adabu tu."

"Kanuni ya nne, mzee."

"Kanuni nimetunga mimi!"

"Ndiyo maana huwezi kusema huijui. Raelene, farasi wa mbele utamwongoza wewe."

"Mimi?" Raelene akacheka hadi akashika mbavu. "Haya kapteni, ndoo ile pale. Angalia usichafue nyota."

Sheria ni msumeno, na huu aliunoa yeye. Akaibeba ndoo, uso umemvimba kwa hasira, akafuata mikia ya farasi mtaa mzima huku watoto wakimwonyesha palipobaki.

Kwenye mnara wa mashujaa alisimama askari yule yule. Raelene alipopita na farasi, kijana akakakamaa, akapiga saluti. Mervyn, aliyeitwa na watoto kuzoa mavi hatua tatu nyuma yake, akajiambia moyoni: Kumbe bado ananitambua! Akajinyoosha, akaurudisha mkono juu kwa nguvu, sepetu iliyojaa mavi ikiwa humo humo mkononi. Mzigo wote ukamwangukia begani, juu ya zile nyota.

Ndipo alipoyatazama vizuri macho ya kijana. Hayakuwa kwake. Yalikuwa juu ya tandiko tupu.

Glenys, ng'ambo ya barabara, alishaanza kuliandika jina la mumewe kwenye ukurasa wa wabeba ndoo wa mwaka ujao.