Ndugu wa Ziwa Moja

Nilifiwa na mke wangu miaka sita iliyopita. Mwaka jana nilitaka kuoa tena. Mwanamke mwenyewe nilimfahamu tangu utotoni: tulizaliwa kambi moja ya vibarua, kwenye shamba la kahawa nje ya Karatu mjini, wazazi wetu wakiwa wametoka Singida. Yeye naye alikuwa mjane. Ndugu zake waliridhia, siku ikapangwa.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea. Kitabu changu cha sheria ya ndoa ya Kiislamu nimekisoma hadi jalada limetoka. Basi nikapitia orodha ya wanawake walioharamishwa, mmoja mmoja, kama ninavyokagua pampu kabla ya kuiwasha. Nilipofika kwa ndugu wa kunyonya, yaani walionyonyeshwa na mwanamke mmoja, nikasimama.

Kambini, msimu wa kuchuma kahawa, akina mama watatu wenye watoto wachanga, mama yangu na mama yake wakiwemo, walipeana zamu. Wawili walikwenda shambani, mmoja alibaki na watoto wote. Mtoto akilia, aliyebaki alimpa ziwa, awe wake au wa mwenzake. Hakuna aliyeliona kuwa jambo.

Kati yao amebaki hai mmoja, yule wa tatu, wa kabila la Wairaqw, Mkristo, anayeishi kwa mwanawe kijijini Qurus. Nilimkuta akipembua maharage. Nilimwamkia, nikamuuliza kama msimu ule alitunyonyesha, mimi na binti wa jirani.

Akacheka. "Nyie wawili! Wewe ulikuwa unang'ata. Mwenzako mpole, ila akishika haachii."

Madhehebu yetu yanataka kunyonya kutimie mara tano, mtoto akiwa hajafika miaka miwili. Nikamuuliza kama zilifika tano.

"Tano? Baba, mtoto ananyonya mara tano hata jua halijafika kichwani! Na kahawa ilichumwa miezi. Kwani unatafuta nini?"

Sikumwambia. Nilikwenda kwa shehe.

"Ushahidi wa mwanamke mmoja hautoshi," alisema. "Tena si Mwislamu. Kwa neno lake peke yake, ndoa haizuiwi."

Nikapumua.

"Lakini wewe mwenyewe, umemwamini?"

Ningeweza kusema nina shaka. Kitabu kinasema shaka haiharamishi, na jibu hilo nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema, "Nimemwamini."

"Basi umejifunga kwa kauli yako. Huyo ni dada yako."

Habari nilimpelekea mchumba mimi mwenyewe. Alikuwa ametoka kwa mshonaji, mfuko wa nguo bado mkononi.

"Nani alikutuma Qurus?"

"Hakuna."

"Na shehe alipokuuliza, ulishindwa kusema hujui?"

"Najua."

"Miaka hamsini hakuna aliyetuita ndugu. Yule mama hata hakuwa na habari na sisi. Ukapanda bodaboda ukaenda kumkumbusha, fundi." Akaweka mfuko chini. "Ungekuwa mjinga kidogo tu, leo ningekuwa na mume."

Nilikuwa nimejiandaa kumweleza hoja za hukumu ile, moja baada ya nyingine. Nashukuru sikuthubutu.

Miezi ikapita bila kusemeshana. Sikukuu ya Idi alikuja kwangu na sinia la pilau. Hakubisha hodi. Aliingia hadi sebuleni, akavua mtandio wake, akaukunja, akauweka juu ya kiti. Nywele zake zimeingia mvi pande zote mbili. Tangu tulipokua sikuwahi kuziona.

Nikainamisha macho.

"Unaangalia chini kwa nini? Mtu hajifuniki mbele ya kaka yake. Au kitabu chako hakijafika hapo?"

Kimefika. Ni ukurasa unaofuata.

Nikamkaribisha chai. Aliinywa taratibu, kichwa wazi, akinitazama usoni, na kila alipoomba nimwongezee aliniita kaka.