Mashini ya Mama Uledi Bado Inafunguka

Mtaa mzima wa Waswahili pale Rumonge, kando ya ziwa, umemcheka Zena kwa kucheza mpira wa kwenye kompyuta, na wacheke tu, kicheko hakilipiwi kodi. Mwanamke mtu mzima, mjane anayejiheshimu, muuza ndagala, hao dagaa wa ziwani, wa miaka na miaka, lakini kila Jumapili akishaswali alasiri anafunga mlango wa chumba cha mbele, anavaa visikio vikubwa juu ya mtandio wake, na ukipita dirishani utamsikia: "Piga! Piga we! Astaghfirullah, umeupeleka wapi?" Agata, jirani yake ambaye huanika naye ndagala kichanja kwa kichanja, humngoja Jumatatu asubuhi akiwa na maneno yake tayari.

"Shoga, wenzako wanazeeka na tasbihi, wewe unazeeka na magoli."

"Na jana nimekufunga wewe usiyecheza," Zena humjibu, na wote wawili hucheka wakatawanya samaki.

Ila nikwambie ukweli ambao Agata hakuwa akiujua: Zena mpira wenyewe wala haupendi. Hajawahi kuelewa kwa nini mtu akisimama mbele sana wanampulizia filimbi. Alichokuwa akikitafuta mle chumbani kilikuja kabla ya mpira kuanza.

Kompyuta ile ilikuwa ya mwanawe, Uledi, kifungua mimba na kitinda mimba kwa mkupuo mmoja, maana baada yake hakupata mwingine. Uledi aliiunga mwenyewe kwa vipande alivyookoteza Bujumbura, alipokuwa akifanya kazi kwenye duka la fotokopi. Alipopata makaratasi ya kwenda Kanada, siku zile za mwisho badala ya kuzunguka kuaga watu alimkalisha mama yake mbele ya kioo akamfundisha vidole vikae wapi. Zena alikasirika. Mtoto anaondoka, naye anamfundisha mchezo!

"Mama, mimi na wewe kwenye simu hatutaongea," Uledi alimwambia. "Nakujua, na mimi najijua."

Na ikawa hivyo hivyo. Kwenye simu, salamu zinajaa mdomo: amahoro, umeamkaje, umekula, baridi iko namna gani, niko sawa mama, na mimi niko sawa mwanangu. Halafu kimya. Kimya cha simu kinauma jamani, kila mmoja anatafuta la kusema na hapo hapo anatafuta namna ya kuaga.

Mchezo, waliocheza pamoja kila Jumapili kwa mtandao, ulikuwa na mambo mengine. Kabla ya mpira kuanza, kila mchezaji ana taa ndogo pembeni ya jina lake. Mashini yako ikiwa bado inafungua uwanja, taa ni nyekundu, na mwenzako huko aliko anaiona. Ikimaliza inakuwa ya kijani, unabonyeza, mpira unawekwa kati. Taa ya Uledi ilikuwa ya kijani mara moja, kwani huko Kanada alijinunulia mashini ya maana. Taa ya Zena ilikaa nyekundu mpaka chai ya tangawizi inachemka na kunywewa. Basi Uledi hana la kufanya ila kumngoja mama yake, na katika kule kungoja, wakisikiana kwa visikio, midomo inafunguka.

Hapo ndipo Zena alipojua kwamba mtoto alikuwa ameachishwa kazi kwenye kiwanda cha kuku, jambo ambalo kwenye simu lilikuwa "niko sawa mama" wiki nzima. Hapo ndipo Uledi alipomwambia kwamba akiwa kwenye basi la asubuhi, theluji nje, huzitaja kimoyomoyo nyumba za mtaa wao kuanzia msikitini mpaka ziwani, asije akasahau ipi inafuata ipi. "Jana nimekwama, mama. Baada ya kwa marehemu fundi cherehani, kuna nani?" Zena akamtajia, na taa bado nyekundu, alhamdulillahi.

Mwanamke yeyote wa mwambao ule, kuanzia Gitaza hadi Gatete, angeelewa bila kuelezwa. Mtoto ukimkalisha mbele yako ukamwuliza ana nini, atakwambia hana kitu. Mpe fimbo afukuze kunguru, mkae ubavu kwa ubavu kando ya kichanja mkingoja ndagala ikauke, nyote macho kwenye samaki, wewe usiulize. Atasema. Uledi alikuwa mdogo hivi alipomweleza mama yake, fimbo mkononi, kwamba hali chakula cha usiku kwa sababu sahani ya baba haipo tena mezani. Kwa hiyo ile taa nyekundu, kwa Zena, ilikuwa kichanja chake cha pili.

Na kusema kichanja, mashini yenyewe ilipita juu yake. Mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia nyumba za chini, maji yaliifikia. Zena akafanya alichokijua: akaifungua ubavu, akailaza juani katikati ya ndagala, adhuhuri akaigeuza ikauke upande wa pili. Usicheke, ilipona. Ila tangu siku hiyo ikipata moto inatoa harufu ya ndagala chumba kizima. Alipomsimulia Uledi, alicheka mpaka akakohoa. "Natamani ningeinusa, mama," alisema.

Sasa msimu huu likatoka tangazo kwamba mchezo wa zamani unafungwa, unaingia mpya, na mpya ni mzito. Uledi akamtuma Chanceline, binti wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, mwenye karakana ya kompyuta karibu na kituo cha mabasi, aje atazame. Chanceline akaifungua, akapuliza vumbi, akanusa, akamtazama Zena, akaamua kutouliza.

"Mama Uledi, hii mashini iko muzee. Prosesa yake, ndiyo ubongo, haitaweza ule mchezo mupya. Lakini nimeangalia hapa inapokaa, iko ingine ya nguvu inaweza kuingia. Niiagize Bujumbura?"

"Na ikiingia, itafungua haraka?"

"Haraka sana! Utabonyeza tu, hivi, umefika."

Chanceline alidhani amemfurahisha. Uledi naye, Jumapili iliyofuata, alikuwa na furaha tele. "Mama, nitalipia mimi. Fikiria, hatutangojana tena!" Zena akasema ndiyo, vizuri, Mungu akubariki. Akavua visikio, akakaa pale pale mpaka harufu ya ndagala ikapoa.

Wiki ile hakuwa Zena tunayemjua. Alichuuza bila kubishana bei, mpaka Agata akamshika mkono na kumwuliza kulikoni. Ndipo Zena akamweleza yote, taa nyekundu na mengine, wakiwa wamekaa kando ya ndagala macho mbele.

"Basi kataa," Agata akasema, safari hii bila utani. "Mwambie hiyo mashini isiguswe, mtaongea kwa simu."

Zena akajaribu. Jumatano alimpigia Uledi, akaapa moyoni kwamba hatauliza habari ya baridi. Alivumilia salamu, akavumilia "niko sawa", kisha kimya kikaingia, na kabla hajajizuia akasikia mdomo wake ukisema, "Na baridi je?"

Hapo akaona hana njia. Akikataa prosesa, mchezo unafungwa na kungojana kunakwisha. Akikubali, mchezo unabaki na kungojana kunakwisha vile vile. Angalau akikubali atasikia sauti ya mtoto, hata kama ni ya kushangilia magoli. Akaenda karakana.

"Weka," alimwambia Chanceline. Akageuka kuondoka, akarudi. "Binti yangu, unaweza kuiweka, lakini iendelee kuchelewa kidogo?"

Chanceline akacheka. "Mama, watu wanakuja hapa kunililia mashini haziendi mbio! Wewe ni wa kwanza..." Akamwona Zena usoni, kicheko kikakatika. Mama yake mwenyewe Chanceline amebaki ng'ambo, Uvira, na simu zao unazijua zilivyo. "Hapana, mama. Hiyo siwezi," akasema polepole. "Ikishaingia, inaenda. Na taa ikiwa kijani, mutoto wako anaiona kule."

"Murakoze," Zena akashukuru. "Weka hivyo hivyo."

Prosesa ikaja, ndogo tu, mtu angeweza kuificha kiganjani. Chanceline akang'oa ya zamani, akafuta dawa ya kupoza iliyokuwa imekauka juu yake, akaiketisha mpya mahali pake, akaipaka nyingine na kuibana. Zena akaomba apewe ile ya zamani. Aliifunga kwenye pembe ya kanga, asijue ataifanyia nini.

Jumapili akaswali, akafunga mlango, akavaa visikio. Akabonyeza. Hata mtandio hakuwahi kuuweka sawa, uwanja ukawa umesimama mbele yake na nyasi zake, na pembeni ya jina lake taa ikawa ya kijani. Ya Uledi ilikuwa ya kijani pia. Mashini ilikuwa baridi, haitoi harufu yoyote. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe, na mpira uwekwe kati.

Zena akaitoa mikono mezani, akailaza mapajani.

"Mama?" Uledi akaita. "Umefika?"

Mwanamke katoka kwenye mswala sasa hivi, na uongo ukamtoka bila kupepesa. "Bado, mwanangu. Bado inafunguka."

Aliposema ndipo akakumbuka maneno ya Chanceline, kwamba mtoto anaiona taa. Uso ukamwaka kwa aibu. Zena akangoja aambiwe, mama, mbona naona kijani, bonyeza tucheze. Kidole chake kikaanza kusogea kwenye kitufe.

"Usiharakishe, mama," Uledi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hata yangu leo inachelewa. Bado inafunguka."

Zena akaitazama taa ya mwanawe, pale pale mbele ya macho yake, ya kijani kibichi. Machozi yakamtoka, na wala hakuyafuta.

"Haya," akasema. "Tungoje basi."

"Mama, kuna jambo sijakwambia," Uledi akaanza.

Zena akavuta kiti, akakaa ubavu kama kando ya kichanja, macho kwenye nyasi za uwanja ule, na hakuuliza kitu.