Bahasha ya Zaina wa Mafiga

Jamani, bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani zangu wa Mafiga. Ofisini kwetu tunapima mate, ili kila mtu ashauriwe chakula kulingana na vinasaba vyake. Mimi na bibi mzaa mama, ninayeishi naye, tulitoa mate siku moja. Nimepewa jina lake, ndiyo maana huniita somo.

Bahasha ikaja, imeandikwa "Zaina, Mafiga." Nikaifungua palepale. Ndani walisema mwili wangu hauelewani na maziwa. Nikayaacha siku hiyohiyo, na kikombe changu cha kila asubuhi nikawa nampa Bibi, yasiharibike.

Kufika wiki ya tatu nilikuwa sitembei, naelea. Nikitazama ukungu ukishuka Uluguru, nahisi tumbo langu jepesi kama ule ukungu. Hata ngozi niliiona inang'aa. Bibi akilalamika tumbo linamsumbua, namwambia ni umri tu.

Bosi akaniomba nitoe ushuhuda mbele ya wageni. Wakipendezwa, mkataba wangu utaongezwa. Bibi nikamkalisha mstari wa mbele.

Nikasimulia nimefumba macho, sauti laini kama nabembeleza mtoto. Nilipofumbua, mtaalamu wetu wa vipimo alikuwa ameshika karatasi yangu ya majibu.

"Zaina, mbona hapa umri umeandikwa miaka themanini na moja?"

Nikamtazama Bibi. Mkono wake ulikuwa tumboni.

"Somo," akasema, ukumbi mzima ukisikia, "yale maziwa uliyokuwa unaninywesha kila asubuhi, kumbe niliyekatazwa ni mimi?"