Shikamoo Kwenye Kamba

Asubuhi dada wa usafi anapopiga deki kwa dawa ya klorini katika nyumba ya wageni ninayoiendesha hapa Mikumi, mimi hutoka nje nikajifanya naota jua.  Harufu ile hunirudisha Kilosa, nikiwa na miaka minane, wakati kipindupindu kilipomweka mama yangu upande wa pili wa kamba.

Mama alikuwa akiuza wali na maharage stesheni, tangu baba apunguzwe kazi shamba la mkonge lilipopata mwenyewe mpya. Siku hiyo alianza kuharisha alfajiri. Kufikia saa nne macho yalikuwa yamezama, na baba akamkimbiza kwa baiskeli kwenye kambi ya wagonjwa. Kambi ilikuwa mahema mawili nyuma ya zahanati, yamezungushiwa kamba ya katani, na watoto hatukuruhusiwa kuivuka.

Hakuna aliyenieleza kitu. Watu wazima walinong'ona, nikiingia wananyamaza, na ukimya wao ulinitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Nikaacha kula. Niwaambie ukweli, nikarudia hata kukojoa kitandani, mtu mzima wa darasa la pili.

Baba hakuwa msemaji. Alichofanya ni kunipeleka kwenye kamba kila jioni.

"Msalimie mama yako," aliniambia. "Umeamka hujamwamkia."

Nikapaza sauti, "Shikamoo mama!"

 Mama akajibu kutoka ndani ya hema, "Marahaba mama. Umekula?"

Kwetu mama humwita binti yake mama. Niliposikia hivyo nilirudi nyumbani nikala ugali hadi nikalamba vidole, vile vile ambavyo baba alikuwa amevisugua kwa sabuni mpaka karibu vichubuke.

Siku ya tatu jibu lilichelewa. Nikasalimia mara ya pili. Baba alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili. Ndipo ikatoka sauti ya chini, yenye mkwaruzo: "Marahaba mwanangu. Nenda ukale."

Mwanangu. Mama hakuwahi kuniita hivyo. Nilimtazama baba, naye akatazama viatu vyake. Nikaamua kwamba ugonjwa humbadilisha mtu hata sauti. Nikala siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa, tumbo limejaa ugali na wasiwasi ambao sikuthubutu kuutamka.

Baada ya wiki moja mama alitoka, amekonda, kanga inamzunguka mara mbili.

Nilikuwa nimeshaolewa nilipomtania kuhusu ile sauti yake ya mkwaruzo. Aliacha kuchambua mchele.

"Tangu siku ya tatu, kwa siku tatu nzima, sikuwa najitambua," alisema. "Ningekuitikiaje?"

Tukamgeukia baba.  Ndipo akasema kwamba aliyeniitikia alikuwa muuguzi wa zamu, binti ambaye hata mtoto hakuwa naye. Siku ile ya tatu, muuguzi alipochungulia mlangoni pa hema, baba alimwomba kwa ishara ya kichwa, kutoka pale kwenye kamba. Siku zilizofuata hakuhitaji kuombwa.

Tangu hapo namfikiria sana muuguzi yule, lakini namfikiria baba zaidi. Utotoni niliona hofu yangu peke yake. Kumbe tulisimama wawili pale, na mmoja wetu alijua kwamba aliyeitika hakuwa mama. Alisikia, akanishika mkono, akanirudisha nyumbani nikale.