Macho ya Mlango wa Mzee Orrin

Saa tatu asubuhi, fundi wa milango Marlys Kangas amepiga magoti kwenye sakafu baridi ya gereji moja mjini Duluth, Minnesota, na haelewi anachokiona.

Karibu na sakafu kuna vijicho viwili, kimoja kila upande wa mlango, vinavyotazamana kwa mwale usioonekana. Kitu kikiukata mwale, mlango unaoshuka lazima urudi juu. Marlys anaweka bunda la karatasi za jikoni katikati. Taa ya kijicho inazimika, kama inavyotakiwa. Anabonyeza swichi. Mlango unashuka na kulibana bunda bila huruma.

“Jicho limeona, mlango hautaki kusikia,” anasema. “Miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, leo najiona mgeni.”

Mwenye nyumba, Verna Sjoblom, hana utani. Mwezi uliopita mlango uliponda beseni la mbwa. Binti yake, Karin, akasema wazi kwamba mwanawe Tilda, wa miaka miwili, hakanyagi hapo mpaka mlango utengenezwe. Wanatarajiwa Jumamosi.

“Kutambaa nimeona kwenye simu, kutembea kwenye simu,” Verna analalamika. “Nisaidie, mwanangu. Nataka nimbebe.”

Marlys, mwenye miaka 58, aliingia kwenye ufundi huu baada ya kiwanda cha karatasi kumwachisha kazi. Sakafu za watu zimemmaliza magoti. Akifika sitini anataka kuacha, ahamie kwenye kibanda chake ziwani, awashe sauna, chumba chake cha mvuke, na asiiname tena.

Anabadilisha vijicho vyote viwili. Hali ni ileile. Anapima waya, umeme unafika. Anatafuta pini iliyobana waya au meno ya panya, haoni kitu. Mwishowe anavichomoa vijicho kabisa, na mlango, ambao sasa ulipaswa kugoma, unashuka kwa raha zake. Marlys anakaa juu ya ndoo, kachanganyikiwa.

Muda wote huo Orrin, mume wa Verna, amesimama pembeni na birika.

“Nikuongezee kahawa?” anauliza tena.

Marlys anapanda ngazi, akiufuata waya hadi kwenye mota. Nyuma ya boksi la mapambo ya Krismasi anakuta waya mwingine umeungwa hapo, na mwisho wake vijicho vingine viwili vimefungwa kwa tepu nyeusi, uso kwa uso. Vinatazamana huko darini, ambako hapiti mtu wala paka, na kuuambia mlango kwamba njia ni nyeupe.

“Baba Karin!” Verna anapaza sauti. “Ulijua?”

“Nilijua.”

“Ukamwacha mtoto wa watu ahangaike asubuhi nzima?”

“Hakuniuliza. Sikutaka kumwingilia kazi yake.”

Kisha maelezo yanatoka. Kila Machi jua la asubuhi lilikuwa linakipiga kijicho kimoja, mlango unakataa kufunga, na Verna anachelewa kwaya; basi Orrin akaudanganya mlango kwa vijicho vya darini. “Ulikuwa unarudi umenuna hadi jioni,” Orrin anajitetea.

Marlys anakata waya wa darini, anavirudisha vijicho vya chini na kukihamishia kile kinachopigwa na jua upande wenye kivuli. Verna anamvua mumewe kofia na kuitupa katikati. Mlango unashuka, unasita, unarudi juu. Verna anajifuta machozi kwa aproni.

“Naomba kitu kimoja tu kabla sijastaafu,” Marlys anasema akifunga ngazi juu ya gari. “Mtu aniambie alichofanya kabla sijapiga magoti.”

Orrin anamfuata na kipande cha keki. Hampi. Anakishika tu.

“Dada, sitaki kukusumbua.”

“Sema, mzee.”

“Karin naye alikuwa analalamikia jua.” Anatazama viatu vyake. “Kwake nilifunga hivyohivyo.”

“Tilda yuko nyumbani sasa hivi?”

Orrin anaitikia kwa kichwa.

Marlys anamfungulia mlango wa gari. “Panda. Mpigie Karin wasiuguse ule mlango. Na leo, mzee wangu, utaongea njia nzima.”