Kava mpya, oili ile ile: nilivyomtega fundi wangu wa Mbale kwa rangi ya kucha

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wadogo zangu shikamoo zenu nazipokea mapema.

Nimepita kwenye uzi wa yule jamaa anayelia kwamba pikipiki yake inavuja oili tangu abadilishiwe kava ya injini. Karibu kila mchangiaji kamwambia fundi ni mwizi, fundi anamchezea, ahame haraka.

Ngojeni kwanza.

Mimi hayo yalinikuta zamani, tena ugenini, na nilikuwa na uhakika kuliko ninyi nyote. Nitaeleza kama ilivyokuwa. Chumvi siongezi, maana yenyewe ilishazidi.

Miaka ya tisini nilikuwa Jinja, Uganda. Mimi ni mtu wa Mwanza. Nilivuka kufuata biashara ya samaki pale Masese, biashara ikanitupa, nikabaki na mke wangu Rehema na chumba cha kupanga.

Bahati nikapata kazi kwa Mkenya mmoja mwenye duka la dawa za mifugo pale mjini. Kazi yenyewe ilikuwa kusambaza dawa kwa pikipiki. Natoka Jinja, napita Bugiri, Tororo, Busiu, namalizia Mbale. Kila wiki.

Pikipiki ya bosi. Pikipiki ikifa, kazi imekufa, narudi Mwanza na aibu yangu mkononi. Hilo liwekeni kichwani.

Na kwa kuwa barabara ile asubuhi ina baridi ya kukata mifupa, nilinunua koti la mtumba, zito, la kijani kibichi, linafika magotini. Hilo koti nalo liwekeni kichwani.

Siku moja mvua imenyesha, nikateleza kwenye tope la Malukhu, pale pale Mbale. Mimi sikuumia. Ila pedali ya breki ilijikunja kwa ndani ikatoboa kava ya injini upande wa kulia, ule wa klachi. Oili yote chini.

Watu wakanionyesha fundi mmoja Mgisu, kabila la wenyeji wa kule, mtu wa makamo, anaitwa Mafabi. Alikuwa anafanyia kazi barazani mwa duka. Kwao ni Busiu, aliniambia siku ile, mama yake analima mahindi kule.

Kava ya kampuni haikupatikana. Nikazunguka maduka ya spea hadi nikapata ya mbadala, inang'aa kuliko injini yenyewe. Nikamletea.

Akaishika. Akaigeuza. Akapitisha kidole ukingoni. Akaigeuza tena. Aisee, alikaa nayo muda mrefu hadi nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

Akasimama wima. "Hakuna, afande."

"Basi funga."

"Ndio, afande."

Hapa niweke wazi kitu. Kule ukiongea Kiswahili kilichonyooka unaitwa afande. Raia wana lugha zao. Kiswahili wengi walikisikia kwa askari, na enzi za utawala wa jeshi walikisikia vibaya. Mimi sikuwa nahangaika kumsahihisha mtu. Ukiitwa afande unapishwa, unapewa kiti. Nani anakataa kiti?

Ila ile kuigeuza geuza kava iliniingia. Nikajisemea, huyu anatafuta namna ya kunipiga.

Ile kava ya zamani nikamwachia. Alisema kuna mtu anachomelea aluminiamu, atampelekea ajaribu.

Nikaondoka. Kufika Bugiri, kiatu cha kulia kimelowa oili.

Wiki iliyofuata nikamrudia. "Fundi, inavuja. Kaza."

"Ndio, afande." Akakaza. "Imekwisha, afande."

Ikavuja.

Nikarudi tena. Safari hii akafungua kava yote, akakwangua, akaweka gasketi mpya, akapaka na gundi ya gasketi kuzunguka kote. Kazi safi ya kuangalia kwa macho. Nikatoa hela nimlipe, akakataa.

"Wacha tu, afande. Iko sawa."

Wakuu, fundi anayekataa hela! Mmeshawahi kumuona? Mimi sijamuona Mwanza, sijamuona Jinja, nije nimuone Mbale?

Na siyo hilo tu. Nilianza kuona kwamba kila nikifika pale barazani, maongezi yanakatika. Waliokuwa wanacheka wananyamaza. Mmoja anakumbuka ana safari, mwingine anaamka anaingia dukani. Mafabi mwenyewe haniangalii usoni, anaongea na tairi.

Mtu mwenye dhambi ndivyo anavyokuwa. Nikapiga hesabu zangu: huyu analegeza boliti moja kila nikienda, ili nirudi. Hela anakataa ili nisimshuku. Shabaha yake ni kava ya kampuni niliyomwachia, aiuze.

Ikavuja tena, safari hii mpaka sakafuni mwa duka la bosi.

Bosi akaja, akainama, akagusa oili kwa kidole, akanusa. Naye alikuwa wa kushuku hata kivuli chake.

"Kava ya zamani iko wapi?"

"Kwa fundi, Mbale."

"Kwa fundi." Akajifuta kidole kwenye karatasi. "Nitajuaje hukuiuza ukaniwekea hili bati? Sikiza. Safari hii ukirudi, nataka injini kavu na ile kava ya zamani niishike kwa mkono wangu. Ukikosa kimoja, acha ufunguo hapo mezani."

Nilirudi nyumbani sina hamu hata ya chai.

Usiniulize wazo lilitoka wapi, ila nilimwomba Rehema rangi yake ya kucha, ile nyekundu.

"Makubwa!" akasema. "Pikipiki inaolewa?"

Nikamweleza. Kila boliti ya kava napaka mstari mmoja, unaanzia kwenye kichwa cha boliti unaishia kwenye kava. Boliti ikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika. Namwachia Mafabi pikipiki nusu siku, nasingizia breki, nikirudi nasoma mistari yangu. Mwizi huyo mkononi.

Rehema akanitazama ninavyopaka mistari yangu mmoja mmoja, ulimi nje kama mtoto anayeandika. "Ukimaliza na fundi utanipaka na mimi, maana najua zamu yangu inakuja." Kisha akanipa na kopo la poda ya mtoto. Dada yake alikuwa na mume dereva wa lori, akitaka kujua oili inatokea wapi anafuta injini, anapaka poda, oili ikitoka inajichora yenyewe. Nikaitia kwenye begi, lakini poda sikuwa na shida nayo. Mimi nilikuwa namtaka mtu.

Mbale nikamwachia Mafabi pikipiki. "Angalia breki." Nikaenda kwa wateja zangu na dawa chache begani, maboksi mengine nikayaacha yamefungwa kwenye keria.

Nimerudi mchana, baraza tupu. Mlango umefungwa. Pikipiki imeegemezwa ukutani peke yake. Vifaa vya Mafabi havipo. Mafabi hayupo.

"Fundi yuko wapi?" nikawauliza watu wa duka la jirani.

"Hatujui, afande."

"Ameenda saa ngapi?"

"Hatukuona, afande."

Nikachuchumaa kwenye injini. Mistari yote ya rangi ya kucha ilikuwa mizima. Hakuna hata mmoja uliokatika. Na chini ya kava, tone la oili linaning'inia.

Hapo akili ilitakiwa isimame. Kama boliti hazijaguswa na oili inatoka, basi anayelegeza hayupo. Lakini mtu ukishashuku unashuku na ushahidi. Nilichoona mimi ni kitu kimoja tu: Mafabi kakimbia na kava ya bosi, na kazi yangu imekwenda naye.

Nikapanda pikipiki hadi Busiu, nimefura.

Pale sentani, kwenye maduka ya kijiji, nikaanza kuuliza. Kwao Mafabi ni wapi? Hawamjui. Mama yake je, analima mahindi? Hawamjui. Kila ninayemuuliza anaangalia koti langu, anaangalia pikipiki, kisha anaangalia barabara ya Tororo kama aliyeona kitu cha maana kule. Nikipaza sauti ndio kabisa hawamjui.

Oili inadondoka. Nimekwama. Nikasema kama ni hivyo nitaitengeneza mwenyewe hapa hapa, kelele za mtu sitaki.

Nikasimamisha pikipiki mbele ya mashine ya kusaga. Nikafuta injini kwa tambara hadi ikakauka, nikapaka poda kava yote ikawa nyeupe, nikapiga kiki. Watu wakaanza kusogea kutazama afande anayeipodoa pikipiki.

Haikuchukua muda. Kwenye boliti mbili za chini, poda ikaanza kulowa. Kwingine kote kukavu kabisa. Boliti mbili tu.

Nikachukua spana. Ngumu, haziendi. Nikaokota kipande cha bomba pembeni ya ile mashine, nikakichomeka kwenye spana kupata nguvu, nikaegemea kwa uzito wangu wote.

"Wee! Wacha! Utakata hiyo boliti!"

Mtu katoka ndani ya banda la mashine ya kusaga anakimbia, unga kichwani, unga kwenye kope, mikono juu. Mafabi.

Alinipokonya spana kabisa. Kisha akatambua amempokonya nani. Mkono ukabaki hewani.

"Samahani, afande."

Nilikuwa nimejiandaa kumkaba shingo. Lakini alinirudishia spana kwa mikono miwili, macho chini, wakuu, na mimi sijawahi kuogopwa na mtu maishani mwangu. Hasira yote ikaniishia.

"Mafabi, mimi siyo afande. Mimi nauza dawa za kupe."

Hakuamini. Nikafungua boksi kwenye keria, nikamwonyesha chupa. Dawa ya kupe. Dawa ya minyoo ya ng'ombe. Mama mmoja mwenye debe la mahindi akaangua kicheko, akasema kitu kwa Kigisu, wote wakacheka. Mafabi naye akacheka, lakini kidogo, kama anajaribu.

"Umekimbia nini?" nikamuuliza.

Akaonyesha ile mistari myekundu. "Hii. Naona umeweka alama kwa kila boliti. Najua sasa ni kesi. Sasa utasema hii pikipiki ya kuiba, na mimi ndio niko na kava yake kwa nyumba."

"Kwa alama tu?"

"Baba yangu walimuuliza hivi hivi." Alisema polepole, anaangalia spana. "Watu wa Kiswahili, na makoti kama hii yako. Walikuja mara ya kwanza, wakauliza vizuri. Mara ya pili, vizuri. Mara ya tatu, vizuri. Mara ya nne walikuja na gari. Wewe leo ilikuwa mara ya nne."

 

Nikabaki kuuliza habari ya kava, ndiyo niliyoiweza. "Ile siku ya kwanza, uliiangalia sana. Kwa nini?"

"Niliona iko mbaya. Nilifikiri haikunyooka, inataka kusuguliwa kwa kioo na msasa. Lakini wewe mwenyewe ndio ulinunua. Naweza ambia afande kitu yake ni mbaya? Ulisema funga, nilifunga. Ulisema kaza, nilikaza."

Tukachuchumaa wote wawili. Akaangalia poda pale ilipolowa, akashika sikio la kava, ule ukingo wenye tundu la boliti, akalitikisa kwa kidole. Likacheza! Boliti imekazwa hadi mwisho, kava chini yake inacheza. Akanitazama, nikamtazama.

Akafungua ile boliti. Kava ya mbadala ilikuwa nyembamba pale kwenye masikio yale mawili kuliko ya kampuni. Boliti za zamani zikawa ndefu kwake. Zinaingia, zinagota chini ya tundu, mkono unasikia zimekaza, kumbe kava hazijaibana hata kidogo. Ningeendelea na lile bomba ningekatia boliti ndani ya injini, na hapo ningemwachia bosi ufunguo siku ile ile.

Mafabi akatoa kwenye mfuko wake washa mbili, zile pete nyembamba za chuma, akavisha boliti, akakaza kwa mkono mmoja. Akafuta, akapaka poda upya. Tukawasha injini, tukakaa tunaiangalia kama watu wanaosubiri uji uchemke.

Nyeupe. Ikabaki nyeupe.

Kisha akaenda kwa mama yake, akarudi na kava ya bosi imefungwa kwenye gunia, na tundu lake. Yule wa kuchomelea alishindwa. Angekuwa ameiuza, angerudi nayo vipi?

Bosi aliishika kwa mkono wake, akainama, akapitisha kidole chini ya injini. Kidole kikatoka kikavu. Hakusema pole wala asante, akanipa maboksi ya wiki inayofuata.

Kwa hiyo wewe ndugu wa ule uzi: kabla ya gasketi ya tatu, futa injini, paka poda, uone inatokea wapi. Kisha tikisa masikio ya kava, na linganisha unene wake na ya zamani. Usiongeze nguvu kwenye spana.

Na fundi wako, kabla hujamwita mwizi, jiulize kama anaweza kukuambia "hapana" na wewe ukasikiliza. Wangu alikuwa hawezi. Na mimi nilipenda kile kiti.

Lile koti nilimwachia Mafabi siku ile ile, nikarudi Jinja natetemeka kwa baridi. Wiki iliyofuata napita Busiu, nikaliona. Mama yake kalivisha mti katikati ya mahindi, mikono imenyooshwa, lile gunia lililofungiwa kava, nililomwachia, ndilo kichwa.

Mafabi alikuwa kando ya barabara ananisubiri, anacheka hadi machozi.

"Ndege hawakuji tena, bwana," akaniambia. "Hata moja."

Nilicheka naye. Lakini nilipoligeukia tena nikiwa barabarani, niliona kile alichokuwa anakiona yeye kila nilipofika barazani kwake, na kicheko kikanikauka.

Karibuni mchangie. Mafundi mje mnisahihishe kwenye washa, na nyie wengine mtuambie mliwahi kumshuku nani bure.