Saa Tatu Yangu na Saa Tatu ya Mercy

Leo nimeaibika shuleni, na karatasi iliyoniaibisha niliiandika mwenyewe.

Mwalimu aliniita kwa sababu msichana wangu Mercy analala darasani. Nikafunga kibanda changu cha mboga hapa Kangemi, nikaenda nikiwa moto.

"Mwalimu, huyu wangu si kama wa wengine. Kwangu simu ya usiku ina sheria, na anaitii!"

Si nilikuwa nimeipiga picha ile karatasi ya sheria niliyobandika ukutani? Nikamwonyesha kwa madaha.

Akaisoma, akainua macho polepole.

"Mama Mercy, hapa umeandika simu mwisho ni 3.00 usiku."

"Ndiyo. Saa tatu."

Mercy, aliyesimama kando yangu, akaangalia viatu vyake. "Mum, mimi nilijua ni ile three ya usiku wa manane. Na sijawahi kupitisha."

Jameni! Miezi miwili sheria iko ukutani! Mimi saa mbili na nusu nimeshalala kwa uchovu, mtoto anangoja saa tisa!

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Nami nikacheka, mtanisamehe. Na tuseme ukweli, nani mwingine ana mtoto anayezima simu saa tisa kamili bila kukumbushwa?

Lakini sasa tuko nyumbani, simu yake iko mfukoni mwangu, na kicheko kimeisha. Nazunguka tu hapa jikoni.

Masaa yote hayo, mtoto wangu alikuwa akiongea na nani?

Nimefungua mdomo mara mbili nimuulize, nikaishia kumuuliza kama ameshiba.

Wamama wenzangu, nianzie wapi?